Folda ya Waliolala

Alhamisi jioni, Kinoru.

Manyunyu tangu asubuhi. Si mvua hasa, ni ule unyevunyevu wa Meru ambao haunyeshi wala hauachi, unakulowesha polepole mpaka ukifika kazini unakuta soksi zimeshika maji. Mimi ni mtu wa Mbeere, nimezaliwa kwenye jua na vumbi, na kwa miaka yote niliyofanya kazi huku bado sijaizoea baridi hii. Nimejifunika shuka, nina kikombe cha uji mkononi, na nina jambo ambalo nisipoliandika leo litanikaa kooni wiki nzima.

Nina furaha na uchungu kwa pamoja. Sijui kipi kimezidi.

Kwa aliyejikwaa kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: naitwa Wawira, na kazi yangu ni kutunza kompyuta za studio moja ya picha na video hapa Kinoru. Tunapiga harusi, ruracio zile sherehe za mahari, mahafali na mazishi. Ofisi kubwa iko hapa Meru, na ndogo iko Embu mjini. Kila Jumapili asubuhi, wakati watu wako kanisani na hakuna anayeng'ang'ania intaneti, kompyuta ya Meru huituma nakala ya kazi zetu zote kwa kompyuta ya Embu. Ya huku ikiungua au ikiibwa, ya kule inabaki. Hiyo ndiyo bakapu, haina uchawi wowote.

Jumatatu asubuhi napata ripoti. Na kwa muda mrefu ripoti hiyo imekuwa ya kulalamika tu. Inasema kuna faili ambazo hazikusomeka, kwa hivyo zimerukwa. Halafu inaongeza kwamba, kwa sababu kuna ambavyo havikusomeka, haitafuta kitu chochote kule Embu. Kikawaida, ukiondoa kitu Meru au ukikihamishia mahali pengine, Embu nako kinaondolewa kilipokuwa, ili pande mbili zifanane. Lakini programu yetu ina woga wake: ikikuta mlango mmoja umefungwa huku, haithubutu kutupa hata unyasi kule.

Hapo ndipo bosi wangu na mimi tulipokwaruzana Jumatatu.

Mutwiri si mtu mbaya. Anaijua kamera kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, anaweza kukuambia saa ya picha kwa kuangalia kivuli cha pua. Lakini kuhusu kompyuta ana imani moja tu, kwamba kelele ikizidi unazima kelele. Diski ya Embu ilikuwa imejaa pomoni, maana hakuna kilichokuwa kikifutwa, na vijana wa kule walikuwa wamempigia simu kwamba harusi ya Jumamosi iliyopita haina pa kuwekwa.

"Wawira, hiyo mashine ya Embu imejaa takataka," akaniambia, amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. "Si uweke ile kitu ya kuiambia iache kusumbua na makosa, ifute, twende mbele? Ni vifaili tu vichache vimekataa."

Ile kitu ipo kweli. Unaongeza neno moja kwenye amri, na programu inaambiwa isijali isichoweza kusoma, iendelee kufuta kama kawaida. Nikaandika amri yote, na hilo neno ndani yake. Nilikuwa nimechoka na ripoti ile. Kila Jumatatu nasutwa na mashine kabla sijaonja chai, nani hachoki? Kidole kilikuwa kinaelekea kubonyeza.

Simu ikalia.

Alikuwa Kendi, msichana wa Mitunguu ambaye ruracio yake tuliipiga mwaka jana. Baba yake, Mzee Mbaabu, alikuwa mkulima wa ndizi anayejulikana bonde lile lote, na siku ile baada ya watu kula alisimama akambariki binti yake mbele ya wakwe mpaka wanaume wazima wakatoa leso. Miezi michache baadaye akaugua, akafa. Harusi ikasogezwa mbele, na video ya ruracio hakuna aliyekuja kuichukua. Sasa imefika, ni Jumamosi hii.

Kendi alitaka kitu kimoja. Ikifika zamu ya baba wa bibi harusi kuongea, mjomba wake asisimame. Iwekwe skrini, na baba aongee mwenyewe.

"Wazee wamekubali," akasema, na nikasikia jinsi alivyopigania kukubaliwa huko. "Si mko nayo, dada? Yule Kinya wenu wa video aliniambia mliiweka vizuri sana."

"Tuko nayo," nikasema. Nilisema haraka, kama mtu anayeitikia salamu. Nikaiacha ile amri hapo kwenye skrini bila kuibonyeza, nikaenda kumtafutia video yake.

Haikuwapo.

Yaani folda ya ruracio ya Mbaabu haikuwapo pale zinapokaa ruracio zote. Nikazunguka kompyuta nzima mpaka nikagota kwenye folda moja inayoitwa Waliolala. Nilikuwa nimeliona jina lake mara nyingi kwenye ile ripoti ya kulalamika, nikidhani ni mambo ya kwaya. Nilipojaribu kuifungua ikanikatalia. Ni ya Kinya, na ni Kinya pekee anayeruhusiwa kuingia.

Hapa lazima nieleze kidogo. Kinya ndiye mhariri wetu wa video, na sasa yuko kwao amejifungua. Zamani kidogo, kabla sijaajiriwa, vijana wa studio waliweka kwenye mtandao kipande cha tangazo chenye nyanya mmoja akicheza kwenye harusi, anacheka meno yote nje. Nyanya huyo alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia. Watoto wake walikuja hapa Kinoru, hawakupiga kelele, walikaa tu kwenye benchi wakamwangalia Mutwiri. Anasema afadhali wangemtukana. Tangu siku hiyo Kinya akaweka utaratibu wake. Akisikia kwenye redio, saa ya matangazo ya vifo, jina la mtu tuliyewahi kumpiga picha, anazichukua kazi zake zote, anazihamishia Waliolala, na anafunga. Mtu akishalala, anasema, uso wake haupaswi kuwa wa kuchezewa.

Mimi naupenda utaratibu huo. Huku kwetu, Meru na Embu, mambo ya marehemu hayashikwi-shikwi, na Kinya alifanya kwa kompyuta kile ambacho mama yake angefanya kwa kitanda na nguo.

Lakini fikiria alichokifunga. Alifungia vijana, alifungia wageni, na bila kujua akamfungia pia yule mtumishi asiye na macho anayepita kila Jumapili kunakili. Faili za walio hai, ambao tungeweza kuwarudia na kuwapiga tena, zote zina nakala Embu. Faili za waliokufa, ambao hawarudiwi, hazikuwa na nakala popote.

Nilipoelewa hilo nilijua si video ya Kendi peke yake iliyo hatarini.

Kisha kukawa na swali la pili. Mimi ndiye msimamizi wa mashine hizi, nina uwezo wa kufungua folda yoyote hapa bila kumwomba mtu. Ningeifungua papo hapo na hakuna ambaye angejua. Lakini baba yangu ana mizinga ya nyuki kule Mbeere, mingine ameitundika kwenye miti ya mashamba ya watu, na kila mzinga una alama ya mwenyewe. Unaweza kupita chini ya mzinga wa mtu maisha yako yote, kwenye shamba lako mwenyewe, na ngazi unayo, na usiuguse. Nimelelewa hivyo na sijui kuwa vinginevyo. Nikampigia Kinya.

Mtoto alikuwa analia nyuma, na wageni wanaongea, na mtu anauliza ucuru, uji wa mzazi, umewekwa wapi.

"Aki Wawira, si ufungue tu!" Kinya akasema. "Hiyo nilifungia hawa vijana, sikufungia wewe." Halafu akashusha sauti. "Lakini uangalie ya Mbaabu peke yake. Hao wengine uwaache wapumzike."

Nikamwambia hata hao wengine lazima niwanakili, maana wako mahali pamoja tu na mashine yenyewe imezeeka. Nikamweleza kwamba kunakili si kutazama, kwamba mashine inabeba bila kujua imebeba nini. Alifikiri. Mtoto akanyamaza, nadhani alikuwa amempa ziwa.

"Sawa," akasema. "Beba, lakini usifungue macho."

Nikafungua. Na hapo ndipo nikasikia diski.

Kama hujawahi kusikia diski inayokufa, ni mlio mdogo, ka-ka-ka, kama kuku anayedonoa bati. Nikajua mara moja nimechelewa kwa kiasi fulani, sikujua ni kiasi gani.

Kuna kutosomeka kwa aina mbili, na ripoti yetu ya Jumatatu iliziweka zote kapu moja. Ya kwanza ni mlango uliofungwa: kilicho ndani ni kizima, wewe tu ndiye huna ruhusa. Hiyo ina dawa, unamtafuta mwenye ufunguo. Ya pili ni kuoza. Mlango uko wazi, jina la faili unaliona, ukubwa wake unaonyeshwa, lakini diski ikienda kusoma inarudi mikono mitupu. Na ubaya wa mlango uliofungwa ni kwamba unaficha kuoza. Kwa kuwa hakuna aliyeingia Waliolala, hakuna aliyejua kwamba sehemu ile ya diski ilikuwa imeanza kufa.

Nilinunua diski mpya, nikaanza kuwahamisha marehemu, sikufungua macho. Wengi walikuja bila shida. Wachache waligoma, wakajaribiwa tena, wakaja. Mzee Mbaabu akawa wa mwisho, na vipande vya asubuhi ya ruracio yake havikusomeka hata kimoja. Kipande cha baraka, kile ambacho Kendi anakitaka Jumamosi, nacho kikakataa katakata.

Jumanne yote niliipigania. Kuna programu za uokoaji zinazosoma pale panaposomeka, zinaruka palipooza, zinarudi nyuma, zinajaribu kutokea upande wa pili. Nilizitumia zote. Nilichopata ni rangi ya kijani, kisha nusu ya paji la uso la mzee, kisha mkwaruzo wa sauti usio na neno hata moja. Kadi ya kamera yenyewe ilishafutwa zamani, ikatumiwa kwenye kazi nyingine, maana ndivyo kadi hutumika.

Mutwiri alikuja akasimama nyuma yangu. Nilijiandaa kwa ushauri wa kuzima kelele. Alikuwa anatazama ile nusu ya paji la uso.

"Hiyo siku mimi ndio nilikuwa na kamera," akasema. "Mzee alimaliza kuongea akakuja akanishika mkono, akaniambia nibwega, asante. Mpiga picha huwa hashikwi mkono na mtu."

Akatoka nje kwenye manyunyu bila koti. Sikuwahi kumpenda bosi wangu kama wakati ule, na sikumwambia.

Usiku huo nilijigeuza kitandani nikipanga maneno ya kumwambia Kendi. Asubuhi ya jana, nikipiga mswaki, ndipo nikafikiria ile ripoti tena, ile sehemu ya pili ninayoirukaga kwa uvivu. *Haitafuta kitu chochote kule Embu.*

Nikatema dawa ya meno, nikavaa.

Ruracio ya Mbaabu ilipigwa kwa kadi mbili, moja ya asubuhi na moja ya mchana. Ya asubuhi iliingizwa kwenye mashine siku zile zile, kwenye folda ya kawaida, kabla mzee hajaugua. Kwa hivyo ilinakiliwa Embu Jumapili iliyofuata kama kazi nyingine yoyote. Ya mchana ilikaa kwenye begi la kamera, hakuna aliyekuwa na haraka, mpaka Kinya aliposikia jina la mzee kwenye redio. Ndipo akaiingiza moja kwa moja Waliolala, na ile ya asubuhi akaihamishia huko huko. Kwa hesabu za kawaida, folda ya zamani ikishaondoka Meru, Embu nayo ilipaswa kuifuta Jumapili ya kwanza.

Lakini Waliolala ilikuwa imefungwa, haisomeki. Na programu yetu yenye woga, ikikuta kisichosomeka, haifuti.

Nilienda Embu mwenyewe na diski tupu, nimeiviringisha kwenye kitenge ndani ya begi. Embu kulikuwa na jua. Nilipita wauza muguka, ile miraa ya majani ya Embu, nikaingia ofisini, nikakaa mbele ya ile mashine iliyojaa takataka, kama alivyoiita Mutwiri.

Na ruracio ya Mbaabu ilikuwa pale, chini ya jina lake la zamani. Kadi ya asubuhi tu, lakini nzima.

Nililia kidogo, niseme nini. Vijana wa Embu walidhani nimefiwa.

Halafu nikakumbuka ile amri. Nilikuwa nimeiacha Jumatatu kwenye skrini yangu Kinoru, imeandikwa yote, inasubiri kidole kimoja. Ningeibonyeza, kabla ya chai kupoa folda hii ingekuwa imefutwa, kwa sababu ningeiambia mashine kwamba isichoweza kukisoma ikichukulie hakipo. Nimeifikiria hiyo sentensi tangu jana na bado inanitisha. Nikapiga simu Kinoru nikamwambia Mutwiri asikae kwenye meza yangu, asiguse hata kipanya. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna nyoka.

Baadaye nilimweleza vizuri. Akasema ataufunga mlango wa ofisi yangu kwa ufunguo.

Leo asubuhi nimeteremka Mitunguu. Kule chini hakuna manyunyu, ni joto na mifereji na majani ya ndizi yanayopigana na upepo. Kendi na mama yake walinipokea mlangoni. "Muga?" mama akanisalimia, nami nikajibu kwa Kimeru changu kibovu, akacheka, akaniambia watu wa Embu tunaongea kama tunatafuna. Walikuwa wanachambua mchele wa harusi. Nikapewa chai kabla sijaulizwa chochote, nikaiweka kando.

Nikawaambia ukweli wote. Baraka haipo. Ilikuwapo, ikaoza, nimejaribu nilivyojua na haisomeki. Nilichonacho ni asubuhi ya siku ile, kabla wageni hawajafika, na wala sikuwa nimeitazama kuona kuna nini ndani. Kendi aliangalia mikono yake. Mama akaendelea kuchambua mchele, lakini nikaona vidole vinatupa punje nzuri.

Nikafungua kompyuta juu ya meza, katikati ya sinia za mchele.

Mwanzo ni viti vinapangwa. Kisha hema. Kisha Mzee Mbaabu anatokea nyuma ya nyumba, suti ya kijivu, suruali ameikunjia ndani ya gambuti kwa sababu ametoka kuangalia maji shambani siku ya ruracio ya binti yake. Anaiona kamera. Sauti ya Mutwiri inamwomba asimame hapo hapo apigwe. Mzee anakunja uso.

"Mimi wa nini?" anasema. "Piga hizi ndizi kwanza, ona vile zimebeba. Mimi niko tu hapa, siendi mahali."

Na kamera, kwa utiifu, inageuka na kutazama ndizi. Kwa muda mrefu ni ndizi tu zinazoonekana, mikungu mikubwa inayoinamisha migomba, na yeye nje ya picha anaeleza ni za aina gani, alizipanda lini, na jirani yake fulani amekosea wapi. Anakohoa. Anamfukuza mbuzi. Anaimba kidogo kwa pua, wimbo wa kanisani, maneno ameyasahau katikati.

Mama Kendi alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na kicheko kikageuka, na hakukizuia. Kendi hakucheka wala kulia. Alikuwa amesogeza sikio karibu kabisa na kompyuta, macho amefumba, haangalii ndizi hata kidogo.

Kilipoisha nikamwambia pole. Nikamwambia najua si hiki alichokitaka.

"Baraka alinipa siku ile, dada," akasema. "Nilisikia na hizi masikio zangu, hakuna mtu atanitoa hiyo. Ni sauti nilikuwa nimeanza kusahau."

Nikanywa chai, ilikuwa imepoa.

Jumamosi wataiweka hiyo hiyo. Nilimwambia watu watacheka, baba wa bibi harusi anaitwa kuongea na zinatokea ndizi. Mama yake ndiye aliyejibu, akasema wacheke, yeye aliishi na mtu huyo na alikuwa akicheka kila siku. Nilipoondoka walinifungia mkungu mzima, siwezi kuumaliza hata nikila ndizi mpaka Krismasi.

Sasa niko hapa na uji wangu. Jioni hii, kabla ya kufunga ofisi, nimepanga mambo upya, na Kinya amekubali kwa simu. Waliolala itabaki imefungwa kwa macho yetu sote, lakini yule mnakili wa Jumapili ameruhusiwa kuingia, kusoma tu, hawezi kubadilisha wala kumwonyesha mtu. Kule Embu nayo itakaa imefungwa kwa ufunguo wa Kinya. Ripoti nayo nimeitenganisha, milango iliyofungwa upande wake na kuoza upande wake, ili nisije tena nikazisoma kama wimbo mmoja. Na lile neno la kuambia mashine ifute bila kujali, nimelitoa. Mutwiri amenunua diski kubwa kwa ajili ya Embu bila kuombwa, akaituma kule leo asubuhi vijana wakaifunga, akaniwekea risiti mezani na kuondoka.

Asubuhi ya Mbaabu nimeirudisha Waliolala kutoka nakala ya Embu, kisha nimejaribu mzunguko mmoja leo badala ya kungoja Jumapili. Umeenda vizuri. Ripoti imekuja fupi na safi, mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa, isipokuwa mstari mmoja mwishoni. Ile baraka, iliyobaki peke yake kwenye diski ya zamani. Jina la faili, ukubwa wake, na neno kwamba haikusomeka.

Mutwiri alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni. "Na hiyo moja?" akauliza. "Si uifute basi, ripoti ikuwe clean."

Nimemwambia hapana. Nimemwambia itakaa, hata kama kwa ajili yake mashine haitafuta kitu Embu; diski kubwa sasa ipo.

Hakubisha. Alikuja akasoma jina la faili kwenye skrini, polepole, akitaja kila herufi kama anasoma msalaba kaburini, kisha akachukua ndizi mbili kwenye mkungu akaenda nyumbani.

Kila Jumatatu, nikifungua ripoti, mstari huo utakuwepo, nami nitausoma kabla ya chai. Haisomeki, lakini ipo.